Majina yamepotea kwenye Thunderbird: anza na folda, programu iache kwanza

Funga Thunderbird, ile programu ya imeili. Ifunge kabisa, na mwambie kila anayekalia kompyuta hiyo asiiguse mpaka umalize kusoma. Usiifute ukaiweka upya, usimruhusu mtu akupigie Windows (kuiweka upya), na usianze kuandika majina kwa kukumbuka. Majina na anwani unazozitafuta, yaani kitabu cha anwani, yamo ndani ya faili, na katika kesi nyingi ninazoitiwa faili hilo lipo, zima, ila programu inatazama pengine.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Unguja mjini. Wateja wangu wengi ni nyumba za wageni za Mji Mkongwe na ofisi za kutembeza watalii. Wanapenda Thunderbird kwa sababu ni ya bure na anwani zao za imeili ni za jina la biashara. Mawakala wa Milano na Hamburg, mwenye magari ya uwanja wa ndege, anayeleta pweza na changu, mhasibu, wote wamo kwenye kompyuta moja ya mapokezi. Basi napigiwa simu: "Fundi, imeili zote zipo lakini majina yote yamekwenda!" Nami huuliza: "Bi mkubwa, kuna fundi mwengine aliyepita hapo kabla yangu?" Kinachofuata ni kimya kidogo, halafu, "Alikuja kijana, akasema kompyuta nzito."

Hapo nimeshajua nusu ya habari. Barua zimerudi kwa sababu zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya huduma ya imeili; ukiingiza neno la siri zinashuka zenyewe. Kitabu cha anwani hakikai huko. Isipokuwa umekiunganisha mwenyewe na huduma ya mtandaoni, kinakaa kwenye diski ya kompyuta hiyo tu, ndani ya folda iliyofichwa. Fundi akihifadhi Desktop na Documents akapiga Windows, ameacha kitabu nyuma, na hakuna atakayegundua mpaka siku mtu anapotaka kumwandikia wakala wa Milano.

Sasa twende kwenye folda. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, na kwenye kisanduku kinachotokea andika hivi:

%appdata%\Thunderbird\Profiles

Bonyeza Enter. Utaona folda moja au zaidi zenye majina ya ovyo, herufi na tarakimu zimechanganyika, kisha nukta, kisha "default" au "default-release". Kila moja ni profaili: barua, mipangilio na vitabu vya anwani vya mtu mmoja. Kwenye Mac utaikuta ndani ya Library/Thunderbird/Profiles. Kwenye Linux ni folda ya .thunderbird katika folda yako ya home, na kama Thunderbird iliwekwa kwa snap, tafuta ndani ya snap/thunderbird/common.

Kabla ya chochote, nakili folda nzima ya Profiles uiweke kwenye flashi au diski ya nje. Usichague faili moja moja. Ikiwa barua ni nyingi itachukua muda, nenda kanywe chai. Kuanzia hapa kila tunachofanya kitakuwa na pa kurudia.

Ukikuta folda mbili au tatu, furahi, maana hapo ndipo majina mengi hujificha. Tangu toleo la 68, Thunderbird hutengeneza profaili ya peke yake kwa kila mahali ilipowekwa. Ukiondoa ya zamani ukaweka nyengine kwenye folda tofauti, kwa mfano ukatoka ya biti 32 kwenda ya biti 64, inaweza kuanza na profaili mpya tupu na kukuuliza anwani yako kama mgeni. Mtu anaingiza anwani, barua zinashuka, anadhani mambo yamekwisha. Kitabu cha zamani kimelala kwenye folda ya jirani.

Njia nyengine ya kufika huko ni ile ya kuweka toleo la zamani juu ya jipya. Thunderbird inakataa kufungua profaili iliyokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, na kukupa kitufe cha kutengeneza profaili mpya. Watu wanakibonyeza kwa sababu ndicho kinachofungua mlango. Ukikutana na ujumbe huo, toka, weka toleo jipya, na profaili yako itafunguka.

Kujaribu profaili nyengine ni rahisi. Thunderbird ikiwa imefungwa, bonyeza tena Windows na R, andika thunderbird.exe -P ukiacha nafasi kabla ya kistari. Linatokea dirisha lenye orodha ya profaili. Chagua ile ambayo hujaizoea na uifungue, kisha tazama kitabu cha anwani. Kama majina yamo, umemaliza: irudie hiyo kila siku na uachane na ile tupu. Usiifute ile tupu leo. Barua zilizoingia tangu ulipoanza kuitumia, kama akaunti ilikuwa ya kuvuta barua na kuzifuta kwenye seva, zimo humo peke yake.

Hayamo? Basi tazama majina ya vitabu upande wa kushoto wa dirisha la anwani. Kiko kinachoitwa Personal Address Book, na kiko kinachoitwa Collected Addresses. Hiki cha pili watu hawakijui kabisa. Kwa mpangilio wa kawaida, kila anwani uliyoiandikia barua ambayo haikuwa kitabuni inaingizwa humo yenyewe. Mara ngapi nimeitwa kutafuta "majina yaliyopotea" ambayo hayakuwahi kuwa kwenye kitabu cha kwanza! Mtu alizoea kuandika herufi tatu na anwani kujitokeza, akaamini ameihifadhi. Ukiyakuta humo, yaburute kwenda kitabu cha kwanza, na kazi imekwisha.

Sasa tufikirie hali ngumu zaidi: profaili ni ile ile, umeme ulikatika Thunderbird ikiwa wazi, na ilipowaka kitabu ni kitupu au hakifunguki. Ingia ndani ya folda ya profaili (ile nakala ya kwenye flashi, tafadhali) na utafute faili hizi. abook.sqlite ndiyo Personal Address Book. history.sqlite ndiyo Collected Addresses. Ukiona abook-1.sqlite na wenzake, hivyo ni vitabu ulivyoviongeza mwenyewe. Pembeni panaweza kuwa na faili zenye mkia wa -wal na -shm. Hizo ni sehemu ya kitabu kile kile na zinaweza kuwa na mabadiliko ya mwisho ambayo hayajaandikwa kwenye faili kuu, kwa hiyo zisafiri pamoja. Na ikiwa kompyuta ni ya siku nyingi unaweza kukuta abook.mab au abook.mab.bak. Huo ni muundo wa zamani, uliotumika mpaka toleo la 78 la mwaka 2020 lilipobadilisha mambo. Majina yake yatakuwa ya zamani pia, lakini wakala wa 2019 mara nyingi bado ni wakala.

Tazama ukubwa na tarehe za faili hizo. Kitabu chenye mamia ya majina ni kikubwa waziwazi kuliko kile kilichozaliwa jana. Ukipata chenye mwili, usikitupe tu juu ya kipya. Fungua Thunderbird, bonyeza Alt ili menyu zitokee juu, nenda Tools, kisha Import. Chagua kuingiza kutoka kwenye faili, halafu vitabu vya anwani, halafu aina ya faili: SQLite kwa zile mpya, Mork kwa zile zenye mkia wa mab. Ukiulizwa yaingie wapi, mimi husema kitabu kipya. Unayaona peke yake, unalinganisha, kisha unahamisha yanayotakiwa. Ukiyachanganya moja kwa moja utakaa jioni nzima ukifuta yanayojirudia.

Kama Thunderbird inakataa kulisoma faili, bado kuna mlango wa nyuma, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Pakua programu ya bure inayoitwa DB Browser for SQLite. Fungua nayo nakala ya abook.sqlite. Ndani utakuta jedwali linaloitwa properties, ambalo kila kipande cha habari kina mstari wake: jina mstari mmoja, imeili mstari mwengine, simu mwengine, na safu ya card ndiyo inayoonyesha kipande ni cha nani. Nenda sehemu ya Execute SQL, bandika hii:

SELECT a.value, b.value FROM properties a JOIN properties b ON a.card = b.card WHERE a.name = 'DisplayName' AND b.name = 'PrimaryEmail';

Bonyeza kitufe cha kuendesha na majina yanashuka, kila moja na anwani yake. Hifadhi matokeo kama CSV (jedwali la maandishi matupu), na Thunderbird itaipokea kwa njia ile ile ya Import. Itakuuliza tu safu ipi ni ya jina na ipi ni ya imeili. Zile kadi (kadi ni rekodi ya mtu mmoja) zisizo na jina hazitatokea hapo. Kwa hizo rudia kwa kuomba PrimaryEmail peke yake.

Na kama yule kijana alishapiga Windows? Fungua diski C utazame kama kuna folda ya Windows.old. Kama aliweka Windows bila kufomati (kufuta diski yote), maisha yako ya zamani yote yamo humo: ingia Users, jina lako, AppData, Roaming, Thunderbird. Fanya haraka, kwa sababu baada ya kupandisha toleo Windows huifuta folda hiyo yenyewe zikipita siku 10. Kama alifomati, acha kutumia kompyuta hiyo sasa hivi, toa diski, na uiunganishe kwenye kompyuta nyengine ndipo uendeshe programu ya kuokoa faili kama Recuva au PhotoRec. Diski ya kuzunguka ina matumaini. Diski ya SSD mara nyingi haina, kwa sababu ikishafutwa hujisafisha yenyewe, na nisingependa ulipe mtu fedha nyingi kwa ahadi.

Ikifika hapo, mimi huacha kutafuta kitabu na kwenda kwenye barua. Kila barua uliyotuma imebeba anwani ya uliyemtumia, na barua zimerudi kutoka kwenye seva. Hakikisha folda ya Sent imeshuka yote. Kwenye profaili, ndani ya ImapMail na folda ya seva yako, liko faili linaloitwa Sent, lisilo na mkia wowote. Ni maandishi matupu, na unaweza kulifungua kwa Notepad++. Nenda Search, kisha Mark, andika ^To: na uchague Regular expression pamoja na Bookmark line, kisha Mark All. Ukirudi kwenye Search, sehemu ya Bookmark, utaona pa kunakili mistari yote iliyowekwa alama. Wa Linux wana mteremko:

grep -a -h "^To:" Sent | sort -u

Usitegemee orodha safi. Barua iliyokwenda kwa watu wengi inavunja mstari, wa pili na kuendelea wakabaki chini pasipo To. Na majina yenye herufi za Kijerumani au Kifaransa yatakuja yamefungwafungwa kwa alama za =?UTF-8?. Anwani yenyewe iko salama ndani ya mabano, hiyo ndiyo unayoitaka. Kama watu muhimu ni ishirini hivi, achana na yote haya: fungua barua zao moja moja na ubofye alama iliyo pembeni ya anwani. Anaingia kitabuni hapo hapo.

Neno dogo kwa walioiunganisha Thunderbird na majina ya Google. Kwenu, mtu akifuta jina kwenye simu linafutika na kwenye kompyuta, na hakuna faili la kutafuta. Ingia contacts.google.com. Kwanza toa nakala ya yaliyopo kwa Export, kisha tazama Trash, ambapo jina hukaa siku 30. Kama ni mengi, kwenye mipangilio kuna Undo changes, inayorudisha kitabu kizima kilivyokuwa saa moja iliyopita, jana, au siku yoyote ndani ya hizo 30. Inarudisha kila kitu, kwa hiyo jina uliloliongeza jana baada ya saa uliyochagua litaondoka. Ndiyo sababu ya ile nakala.

Majina yakisharudi, kabla hujafunga dirisha, toa nakala mbili. Kwenye dirisha la anwani bofya alama iliyo pembeni ya jina la kitabu, chagua Export. Moja iwe CSV, inayofunguka kwenye Excel hata kwa asiyejua Thunderbird ni nini. Ya pili iwe LDIF, muundo mwengine wa faili la kitabu cha anwani, kwa sababu CSV haibebi zile orodha za kuwatumia watu wengi barua kwa mpigo, na mwenye nyumba ya wageni anazihitaji msimu unapoanza. Jitumie zote mbili kwa imeili. Zitakaa kwenye seva pamoja na barua nyengine, na fundi yeyote atakayepita hapo hataweza kuziacha nyuma.