Umetozwa ushuru wa forodha kupita kiasi? Namna ya kuudai ukiwa Dodoma

Mzee mmoja mwenye duka la vipuri maeneo ya Kizota aliwahi kuniletea mfuko wa rambo umejaa makaratasi. "Mwanangu, naona kama nilitozwa zaidi. Hebu nitazamie." Nilitazama. Kweli alitozwa zaidi, na ushahidi wote ulikuwamo mle mle mfukoni. Lakini tangu alipie ushuru ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Sikuwa na la kumfanyia, na iliniuma sana, maana makaratasi yale yalikaa kabatini kwake muda wote huo.

Mimi ni wakala wa forodha. Wateja wangu wengi wako Dodoma, Kongwa na Singida, na mizigo yao hushukia bandari ya Dar es Salaam. Shida ya sisi wa bara ni moja: mzigo unatolewa huko, mwenyewe anaupokea huku, na nyaraka zinabaki kwa mtu wa tatu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe uliyolipa

Anza hapa, kabla hujapiga hata hesabu. Kifungu cha 144 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinataka dai liwasilishwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ushuru ulipolipwa. Haihesabiwi tangu lori lilipofika Dodoma, wala tangu siku ulipogundua kosa. Chukua stakabadhi ya malipo, andika tarehe yake juu ya jalada la faili kwa kalamu nyekundu, na chini yake andika siku ya mwisho.

Hatua ya 2: Jua unadai kwa sababu gani

Kifungu hicho kina milango miwili. Wa kwanza ni ushuru uliolipwa kimakosa. Wa pili ni mzigo ulioharibika au kuibwa safarini kabla ya kufika, au ulioharibika ukiwa bado chini ya uangalizi wa Forodha.

Mlango huu wa pili unawachanganya sana watu wa huku kwetu. Tuseme umeagiza chupa za kufungia mvinyo wa zabibu. Zikivunjika ndani ya meli, au zikiwa bandarini kabla hazijaruhusiwa kutoka, unayo hoja. Lakini zikishatolewa, lori likapinduka pale Gairo, hilo ni suala lako na kampuni ya bima. Forodha haihusiki tena. Nimeona watu wakipoteza miezi wakiandika barua kuhusu ajali ya barabarani, huku muda wa kudai bima nao ukiyoyoma.

Kama unaagiza malighafi, unatengeneza bidhaa na kuiuza nje ya nchi, utaratibu wako ni mwingine: unadai marejesho ya ushuru wa vilivyotumika kwenye bidhaa iliyotoka. Huko miezi kumi na miwili inahesabiwa tangu bidhaa isafirishwe, na ni lazima umwonyeshe ofisa wa forodha mzigo kabla haujaondoka. Ukishavuka mpaka bila kukaguliwa, umechelewa.

Hatua ya 3: Kusanya nyaraka, na ziwe zako

Mpigie wakala aliyetoa mzigo na umwombe faili zima. Picha mbili za WhatsApp hazitoshi. Unahitaji tamko la forodha (TANSAD), hati ya makadirio ya kodi, stakabadhi za malipo, ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, hati ya shehena ya meli na hati ya bima. Ongeza uthibitisho wa benki wa fedha ulizomtumia muuzaji, kwa sababu ndio unaothibitisha kwamba ankara yako ni ya kweli. Kama dai ni la uharibifu, lazima kuwe na ripoti ya ukaguzi iliyofanyika kabla mzigo haujatoka mikononi mwa Forodha.

Wakala akikuzungusha, usinyamaze. TANSAD imebeba TIN yako. Hizo ni nyaraka zako.

Hatua ya 4: Tafuta kosa lenyewe

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo tulia na kikombe cha chai. Weka ankara kushoto na TANSAD kulia, kisha soma mstari kwa mstari: idadi, uzito, thamani, sarafu, kiwango cha kubadilisha fedha, namba ya HS (namba ya kimataifa ya kutambulisha aina ya bidhaa, ndiyo inayoamua kiwango cha ushuru), nchi ya asili.

Angalia namba ya HS kwa makini zaidi. Mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, ile inayoagizwa sana Singida na Kongwa, ina nafasi yake chini ya 8479.20, na katika jedwali la ushuru la Jumuiya kiwango chake ni asilimia 0. Ikiandikwa chini ya namba ya mashine nyingine inayotozwa asilimia 10, utalipa bila sababu. Picha ya mashine, kijitabu cha mtengenezaji na maelezo ya kazi yake vitakusaidia kuliko maneno mengi.

Kosa jingine ni gharama za usafiri kuhesabiwa mara mbili. Ankara imeandikwa CIF, yaani nauli ya meli na bima vimo ndani ya bei. Aliyejaza tamko akaichukulia kama bei tupu ya bidhaa, akaongeza nauli na bima juu yake. Tuseme alichoongeza ni Sh 6,000,000, na bidhaa inatozwa asilimia 25:

Ushuru uliozidi: 25% ya 6,000,000 = Sh 1,500,000
VAT iliyozidi: 18% ya (6,000,000 + 1,500,000) = Sh 1,350,000
Jumla: Sh 2,850,000

Umeona kosa moja lilivyozaa mawili? VAT hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo ushuru ukivimba na VAT inavimba. Tozo nyingine zinazotegemea thamani hiyo nazo zikague.

Lakini uwe mkweli hapa. Kama umesajiliwa VAT na hiyo Sh 1,350,000 ulishaikata kwenye ritani yako ya mwezi, umekwisha kuipata. Dai Sh 1,500,000 ya ushuru peke yake. Kudai mara mbili kunaharibu dai zima, hata sehemu iliyo halali.

Hatua ya 5: Andika barua fupi

Barua iende kwa Kamishna wa Forodha wa TRA. Aya ya kwanza ibebe kila kitu, kwa mfano:

"Naomba kurejeshewa ushuru wa forodha Sh 1,500,000 uliolipwa kimakosa kupitia TANSAD namba … tarehe …, kwa sababu nauli na bima, jumla Sh 6,000,000, viliongezwa juu ya thamani ambayo tayari ilikuwa imevijumuisha."

Chini yake weka hesabu: kilicholipwa, kilichopaswa kulipwa, tofauti. Kisha orodha ya viambatisho vyenye namba. Usieleze biashara ilivyo ngumu wala ada za watoto. Ofisa anayesoma anahitaji kuona kosa na ushahidi wake.

Hatua ya 6: Wasilisha na ufuatilie

Ukipeleka kwa mkono, usiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukipeleka kwa mtandao, hifadhi uthibitisho. Wakihitaji nyaraka za ziada, zipeleke wiki hiyo hiyo, na kila unachojibu kiwe kwa maandishi. Simu haina kumbukumbu.

Hatua ya 7: Ukikataliwa

Usikate tamaa, ila usilale. Kifungu cha 229 cha sheria ile ile kinakupa siku 30 tangu uamuzi kumwomba Kamishna aupitie upya. Naye ana siku 30 tangu apokee ombi pamoja na taarifa za ziada alizozitaka, na lazima ajibu kwa maandishi akitoa sababu. Asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kuwa ombi limekubaliwa. Ndiyo maana nasisitiza ule muhuri wa kupokelewa: bila huo huwezi kuonyesha siku 30 zilianza lini. Akikataa tena, una siku 45 za kukata rufaa Bodi ya Rufani za Kodi. Kufikia hapo tafuta mwanasheria anayezijua kodi.

Pesa ikiingia, usichome faili. Forodha inaweza kudai irudishwe ikibaini kwamba ilitolewa kimakosa, na ina miaka mitano ya kufanya hivyo. Kukiwa na udanganyifu, hata hiyo miaka mitano haikulindi. Weka nakala moja dukani na nyingine nyumbani.