Sheli imefungwa, visima bado vinatumika: namna ya kufuatilia maji yaliyoingia petroli

Pampu zikishang'olewa, watu husema mafuta yamekwisha. Hapa Ngamiani, Tanga, ambako nyumba nyingi zina kisima uani, mimi wasiwasi wangu ndipo unapoanzia. Tanki lililotobolewa na kutu huiacha petroli kwenye udongo, nao udongo huitoa kidogo kidogo kwa miaka. Ndiyo maana nakataa kutoa neno kwa kipimo kimoja. Nataka mfululizo: kisima kilekile, namna ileile, masika na kiangazi.

Kwanza jua maji yanaelekea wapi. Usikisie kwamba yanakwenda baharini kwa kuwa bahari iko jirani. Tafuta visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, tia alama ya rangi kwenye mdomo wa kila kimoja, na mpima ardhi akupe kimo cha kila alama. Kisha siku moja, kwa saa zinazokaribiana, pima kutoka kwenye alama hadi maji. Toa kina hicho kwenye kimo, nawe utaona maji yako juu wapi na yanateremkia wapi. Ukiwa karibu na ufuko rudia bahari ikijaa na ikipwa, kwa sababu kwenye jiwe la matumbawe kisima hupanda na kushuka nayo.

Ukishajua, weka kisima cha kupimia upande maji yanakotoka, kingine palipokuwa na matanki, na angalau viwili upande yanakoelekea, kabla ya kufika kwa watu. Bomba la milimita 50 linatosha. Matundu yake yaanzie juu ya usawa wa maji wa masika, yashuke hadi chini ya usawa wa mwisho wa kiangazi. Petroli huelea, matundu yakiwa chini tu, mafuta yatakaa juu yake usiyaone. Zungushia changarawe, ziba juu kwa bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa) na saruji, funga kwa kufuli.

Siku ya kuchota anza na kisima kisafi, malizia na kichafu. Hakuna sigara, wala jenereta upande upepo unakotokea, maana moshi wake nao una benzeni, sumu ya petroli tunayoitafuta. Shusha polepole kichoteo cha plastiki angavu uone kama kuna tabaka la mafuta. Likiwepo, andika unene wake na uishie hapo kwa kisima hicho. Lisipokuwepo, ondoa maji yaliyolala: kila mita ya maji kwenye bomba hilo ni karibu lita 2, nawe toa mara tatu ya ujazo wote. Yatie kwenye dumu, usiyamwage mtaroni.

Chupa za kioo za mililita 40 utapewa na maabara zikiwa na tindikali ndani. Jaza taratibu mpaka maji yavimbe mdomoni, funika, ipindue, igonge. Ukiona povu la hewa, chukua chupa nyingine, kwani benzeni itakimbilia kwenye hewa hiyo. Weka kwenye barafu na uzifikishe mapema ili zipimwe ndani ya siku 14. Agiza wapime benzeni na wenzake wa kwenye petroli: tolueni, ethilibenzeni na zaileni. Sheli iliyouza kabla ya 2006, ongeza kipimo cha risasi (madini ya ledi), kwani petroli ya wakati huo ilitiwa risasi.

Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, maji haya hayanuki, mbona wanitisha?" Nilimjibu kwa heshima, na nawajibu wote: kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa benzeni ni mikrogramu 10 kwa lita, na benzeni peke yake pua huinusa majini ikifika karibu mara elfu moja ya hapo. Kuchemsha nako huileta hewani, jikoni mwako.

Mwaka wa kwanza pima kila miezi mitatu. Masika usikose hata kidogo: maji hupanda yakaufikia udongo uliolowa mafuta, na kisima kilichokuwa kimetulia hubadilika.

Kikomo kikipitwa, acheni kunywa, kupikia na kuogea. Pelekeni majibu kwa mtendaji, Bodi ya Maji Bonde la Pangani na NEMC (baraza la taifa la mazingira), kwa maandishi. Mkihamia maji ya bomba ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji, muulizeni fundi bomba lenu limepita wapi, kwani petroli hupenya mabomba ya plastiki yaliyofukiwa kwenye udongo mchafu.