Kioo kwanza, nyaya baadaye

Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akalala wodini wiki saba, macho wazi, neno hakuna. Ndugu wakaanza kunitumia habari ya yule Mmarekani aliyepigwa kichwani, akakaa miaka sita kitandani, kisha akapandikizwa nyaya mbili ubongoni, kwenye thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kumweka mtu macho, zikipata umeme wa betri iliyowekwa kifuani. Akarudi kutafuna, kumeza na kusema. Ni kweli, ilichapishwa mwaka 2007. Ila yule hakuwa gizani kabisa: fahamu ilikuwa inakuja na kupotea, na sehemu za lugha ubongoni zilikuwa bado hai. Umeme huamsha kilichobaki, hauoteshi kilichokufa. Na hadi sasa ni tiba ya utafiti.

Basi sisi tunaouguza tutafute kwanza kilichobaki, yaani dalili za fahamu. Mimi natumia kioo.

Mkalishe mgonjwa, asilale chali. Zima redio, wageni watoke. Chagua saa aliyo macho, si mara tu baada ya dawa za kutuliza. Mtazame dakika moja bila kumgusa, uandike anayoyafanya mwenyewe, maana kidole kinachochezacheza chenyewe si jibu.

Sasa shika kioo cha mkononi sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso wake. Kisogeze polepole kulia, kushoto, juu, chini, halafu rudia. Unachotafuta ni macho kukifuata kwa sekunde mbili bila kukatika, na yafanye hivyo zaidi ya mara moja. Sura ya mtu mwenyewe humvuta kuliko kitu kingine. Mdogo wangu alikuwa haijali tochi hata kidogo, lakini kioo cha mama cha kupakia wanja alikifuata hadi ukutani. Nililia, kisha nikaandika saa.

Baada ya hapo mwombe jambo moja, kama "tazama juu". Mara nne, ukisubiri sekunde kumi kila mara. "Nibane mkono" usitumie, kwa sababu kiganja kikiguswa huweza kujifumba chenyewe.

Siku moja haitoshi, fahamu zao hupanda na kushuka. Fanya angalau mara tano ndani ya wiki mbili, umrekodi kwa simu. Mbele ya daktari usiishie kusema "anatusikia". Mfungulie daftari aone tarehe, saa, ulichofanya, alichojibu, mara ngapi kati ya ngapi.