Kupima CHOP kwenye seli zenye stresi bila kujidanganya

CHOP, protini inayosukuma seli yenye stresi kufa, huwa chini sana seli ikiwa salama, ila protini zilizokunjwa vibaya zikirundikana kwenye retikulamu endoplazimu (sehemu ya seli inayokunja protini), PERK, kihisi cha stresi hiyo, inaamka, ATF4 inapanda, na ATF4, protini inayowasha jini, ndo inawasha jini ya CHOP. CHOP ikikaa juu muda mrefu inashusha BCL2 (inayolinda seli), inapandisha BIM (inayoiua), seli inaelekea kufa.

Hatua ya 1: panda seli zisibanane. Hapa ndo nilipoteza wiki tatu nzima, kontroo yangu (seli za kulinganishia) yenye DMSO tu, kiyeyushio cha dawa, inatoa CHOP kibao na sielewi kwanini, kumbe sahani imejaa, midia imegeuka njano, glukosi imeisha, na njaa ya glukosi yenyewe inaamsha CHOP! Anza sahani ikiwa imefunikwa kama asilimia 60, na midia iwe mpya.

Hatua ya 2: weka tunikamaisini, dawa ya kuleta stresi hiyo, mikrogramu 1 au 2 kwa mililita. Inazuia protini kubandikwa sukari, zinashindwa kukunjika. Kontroo ipate DMSO kiasi kilekile.

Hatua ya 3: vuna baada ya masaa 0, 4, 8, 16 na 24, na tafadhali midia usiimwage, seli zilizokufa zinaelea humo, ukimwaga umemwaga ushahidi. Izungushe kwenye sentrifuji alafu mashapo uyachanganye na seli ulizokwangua.

Hatua ya 4: CHOP inakaa kwenye kiini na inaoza haraka, kwahiyo barafu muda wote, na bafa (kimiminika cha kuvunjia seli) yenye nguvu ya kuvunja hadi kiini. Kwenye western blot, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa, jeli ya asilimia 12 inatosha. Bendi itafute kwenye kilodalton (kipimo cha uzito wa protini) 27 hadi 30, usiikatae eti asidi amino 169 zinaleta hesabu ya 19, ndivyo inavyotembea.

Hatua ya 5: umeona bendi, usiandike bado kwamba CHOP imeua. Pima kaspasi 3 iliyokatwa, ambayo ni alama ya seli inayojiua, alafu nyamazisha CHOP kwa siRNA (kipande cha RNA kinachozima jini), vifo visipopungua basi muuaji ni mwingine. Panya wa Akita, ambao insulini yao haikunjiki vizuri, walipoondolewa jini ya CHOP kisukari kilichelewa, hakikuzuilika. Mimi kwenye sampuli hizohizo napima pia BiP, protini inayosaidia nyingine kukunjika, kilodalton 78, nione kama seli bado inajaribu kujiokoa.