Yangeyange juani: manyoya yasiungue

Saa nne asubuhi kwenye matope ya hori la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, kamera ikiachiwa iamue yenyewe itakuharibia yangeyange. Akipita mbele ya mikoko, inaona giza na kuongeza mwanga, bawa linaungua, yaani linabaki doa jeupe lisilo na unyoya wa kuonekana. Akipanda angani, inapunguza, anatoka wa kijivu. Ilhali jua linalompiga ni lile lile! Kwa hiyo pima mwanga wa ndege, usipime wa kilicho nyuma yake.

Hatua ya 1. Jua liwe mgongoni kwako, na upepo pia, kwa sababu ndege huruka akiukabili upepo. Pwani tuna bahati: kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka kusini-mashariki, basi asubuhi jua na upepo huja upande mmoja na ndege anakujia uso kwa uso. Alasiri utapiga mikia.

Hatua ya 2. Weka kamera kwenye M, yaani mwanga unaupanga mwenyewe, uzime ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya otomatiki. Anza na ISO 400, tundu la lenzi f/8 na kasi ya shata 1/3200 ya sekunde.

Hatua ya 3. Hii ndiyo yenye kazi, usiiruke. Washa onyo la mwanga uliozidi, kisha piga yangeyange aliyesimama juani. Sehemu zilizoungua zitapepesa kwenye skrini. Zikipepesa begani au mgongoni, nenda 1/4000, upige tena. Kuza picha: uone mistari ya manyoya, unyoya mmoja mmoja, na kama ni yangeyange mdogo, vidole vya njano chini ya miguu myeusi. Ukishaviona, usiguse kitu mpaka wingu lije. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kivuli utakiongezea mwanga nyumbani kwenye kompyuta, lakini unyoya ulioungua haurudi.

Hatua ya 4. Fokasi iwe ya kufuatilia: AF-C, au AI Servo kwa wenye Canon. Mfuate angali chini. Akiinama na kusukuma shingo mbele, bonyeza.

Hatua ya 5. Jua likifika utosini, chini ya bawa huwa giza. Mimi huhamia penye mchanga mweupe au maji ya kina kifupi, maana mwanga hurudi kutoka chini na bawa hung'aa kwa ndani. Juu ya mikoko hulipati hilo. Na saa hizo achana na ndege wa mbali. Hewa ya moto inamchezesha kama yumo majini, na hakuna lenzi inayoondoa hilo. Subiri maji yajae, yatamsogeza karibu nawe.