Vihusishi vya Kiitaliano Vinapoungana na Vibainishi

Katika Kiitaliano, vihusishi vitano, yaani di, a, da, in na su, huungana na kibainishi kinachovifuata, yaani neno dogo linalotangulia nomino (il, lo, la, l', i, gli au le), na kuwa neno moja. Kukariri maumbo yote 35 ni kujichosha bure. Hatua tatu zinatosha.

Hatua ya kwanza: tafuta kibainishi kabla ya kugusa kihusishi. Kibainishi hufuata jinsia na idadi ya nomino, lakini umbo lake huamuliwa na sauti ya mwanzo ya neno linalokifuata papo hapo, hata kama neno hilo ni kivumishi. Ndiyo maana "wa mjomba" ni dello zio, kwa kuwa z hudai lo, ilhali "wa mjomba mzee" ni del vecchio zio.

Hatua ya pili: geuza di iwe de, na in iwe ne. Vingine havibadiliki.

Hatua ya tatu: unganisha. Il hupoteza irabu yake (del, al, nel), i na gli hubaki zilivyo (dei, sugli), na vibainishi vinavyoanza na l huongezewa l nyingine: della, allo, dalle, sull'.

Mswahili ajihadhari na mazoea ya -a unganifu. Katika "kitabu cha mwalimu", cha hufuata kitabu. Katika il libro della maestra, della humfuata mwalimu, wala kitabu hakina kauli.

Maswali na majibu

Mbona tunasema abito a Malindi (naishi Malindi), lakini vado al Cairo (naenda Cairo)?
Miji kwa kawaida haina kibainishi. Cairo ni miongoni mwa michache iliyo nacho, kwani kwa Kiitaliano huitwa Il Cairo. Vivyo hivyo mji wa L'Aquila: all'Aquila.

Je, lavoro in banca (nafanya kazi benki) ni kosa?
Si kosa. Benki ikipambanuliwa ndipo kibainishi hurudi: lavoro nella banca vicino alla stazione (nafanya kazi katika benki iliyo karibu na stesheni).

Na con, per, tra?
Col (con + il) na coi (con + i) zipo, ila ni hiari. Per, tra na fra haziungani.

Nimesahihishwa nilipoandika del mio padre (wa baba yangu). Kwa nini?
Jamaa wa karibu katika umoja, akitanguliwa na kimilikishi (kama mio, "-angu"), hachukui kibainishi: di mio padre. Wingi hukichukua: dei miei fratelli (wa kaka zangu). Loro ("-ao") nayo hukidai hata katika umoja: del loro padre.