Baridi Ndiyo Mshenga: Namna ya Kuandika Hadithi Tulivu ya Mapenzi ya Majira ya Baridi

Hadithi ya mapenzi inayoanza kwa watu wawili wasiojuana kukutana bila kutarajia, katikati ya baridi kali, huonekana rahisi kuandika, na pengine ndiyo maana nyingi huharibika mapema. Mwandishi hunyunyiza theluji, huwagonganisha wahusika wake njiani, huwaketisha mbele ya vikombe viwili vyenye moshi, kisha hushangaa kwamba msomaji hajaguswa. Tatizo ni kwamba theluji imewekwa kuwa pambo. Katika hadithi ya aina hii baridi ina kazi ya kufanya, nayo ni kazi ya mshenga: kuwakaribisha watu wawili ambao wasingethubutu kusemezana, kuwapa sababu ya heshima ya kukaa pamoja, kisha kujiondoa pale wenyewe wanapoweza kuzungumza. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo tangu siku ya kukutana hadi siku theluji inapoyeyuka.

Anza kwa kuamua ni baridi ya wapi na ya mwezi gani. Msomaji wa Kiswahili analifahamu neno kipupwe, lakini kipupwe hakibebi giza la saa kumi alasiri wala maji yaliyoganda barabarani, kwa hiyo ukisema majira ya baridi itakubidi uyaonyeshe. Karibu na tarehe 21 Desemba, London hupata takribani saa nane tu za mwanga wa mchana, Helsinki hupata chini ya saa sita, na Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kusini mwa ikweta majira hayo huangukia Juni hadi Agosti, na katika mji kama Melbourne ni ya mvua na upepo kuliko theluji. Tofauti hizi zinaamua mambo makubwa katika hadithi. Wahusika wanaofanya kazi za mchana katika mji wenye saa sita za mwanga wataonana gizani siku zote za kazi, na huenda wakajuana kwa wiki mbili kabla mmoja hajaiona rangi halisi ya macho ya mwenzake. Siku hiyo ya kwanza ya kuonana mchana ni tukio kamili, nawe umelipata bure kutoka kwenye kalenda.

Baada ya hapo, jifunze baridi inavyoufanyia kazi mwili na vitu. Mwandishi ambaye hajawahi kukanyaga theluji anaweza kuiandika vizuri ikiwa atafuata sababu zake badala ya kurudia kwamba ni nyeupe. Theluji iliyoanguka punde, kwa sehemu kubwa, ni hewa iliyonaswa kati ya chembe za barafu, na hewa hiyo hufyonza sauti. Ndiyo maana mtaa wenye kelele hunyamaza ghafla, na neno lililosemwa kwa sauti ya chini husikika kana kwamba limesemwa chumbani. Baridi inapozidi nyuzi 10 chini ya sifuri, theluji hulia chini ya kiatu, kwa hiyo mtu hawezi kumkaribia mwenzake kimyakimya. Mwenye miwani akiingia mahali penye joto huwa kipofu kwa muda, kwa sababu mvuke hugeuka ukungu wa matone kwenye vioo. Vidole hufa ganzi hadi kifungo cha koti kinakuwa kazi ya watu wawili. Betri ya simu huishiwa nguvu mapema, jambo linalojibu swali la msomaji wa leo la kwa nini hawakupigiana simu. Upepo wa baridi nao hutoa machozi, na mpita njia mwenye huruma anaweza kudhani kwamba mtu aliyesimama kituoni analia. Katika hayo yote chagua mawili au matatu, uyarudie kwa makusudi, na uyaache mengine.

Namna wanavyokutana ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi zaidi. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba tukio lizaliwe na baridi yenyewe. Lihamishe akilini hadi siku ya jua kali. Ikiwa bado linaweza kutokea vilevile, tafuta lingine. Watu wawili kugongana kwenye kona na karatasi zao kutawanyika hutokea mwezi wowote, na jambo hilo huisha kwa nusu dakika ya kuombana radhi. Chukua badala yake mfano huu, ambao nitaurejea hadi mwisho. Katika miji ya baridi, mikahawa na maktaba hupashwa joto, hivyo kila anayeingia huvua koti na kulitundika kwenye kulabu karibu na mlango, na makoti mengi ya majira hayo ni meusi au ya kijivu. Ni saa kumi alasiri na giza limeshaingia. Muuguzi anayewahi zamu ya usiku analichukua koti lililo jirani na lake, analivaa kwa haraka na kutoka. Anagundua kosa akiwa kituoni, anapotia mkono mfukoni kutafuta glavu na kukuta bisibisi ndogo kuliko zote alizowahi kuziona, ufunguo uliofungwa uzi mwekundu, na orodha ya vitu vya kununua ambavyo vyote vimeandikwa kwa kiasi cha mtu mmoja. Wakati huohuo fundi wa saa amesimama mkahawani akiwa na koti ambalo mikono yake inaishia juu kidogo ya kifundo.

Tazama ni mambo mangapi yamefanyika kabla hawajaonana. Ufunguo unalazimisha warudi kutafutana, maana mmoja wao hawezi kuingia kwake usiku huu. Bisibisi imetaja kazi, na orodha imetaja upweke, bila mwandishi kuandika neno upweke. Juu ya yote, kila mmoja ameepushwa na baridi kwa vazi la mtu asiyemjua, na mwili huo wa kufikirika umeanza kuwa na vipimo: mabega mapana, mikono mifupi, harufu ya sabuni fulani kwenye kola. Kuanzia hapa usitumie bahati tena. Msomaji atakusamehe bahati moja kwa kuwa hadithi haina budi kuanza, lakini kila mkutano unaofuata lazima utokane na uamuzi wa mtu, hata uamuzi mdogo wa kuchagua meza iliyo karibu na mlango.

Kiswahili kinakupa hapa faida ambayo waandishi wa lugha nyingine wangeitamani. Kwa kuwa neno «yeye» halitengi mwanamume na mwanamke, unaweza kueleza mwenye koti kwa kurasa kadhaa, na muuguzi akawa anamfikiria, bila kumpotosha msomaji na bila hila yoyote ya sentensi. Faida hiyohiyo huwa mtego wawili hao wanapokutana, kwa sababu sentensi kama «alimshika mkono akamwambia asiondoke» haielezi nani alimshika nani. Wape basi vitambulisho vya kudumu, kama fundi na muuguzi, au acha vitu vibebe tofauti: mwenye ufunguo, mwenye zamu. Usiwageuze kuwa «mrembo» na «kijana mtanashati» kila aya, kwani maneno hayo yamechoka na hayamwonyeshi mtu yeyote.

Mazungumzo ya kwanza yaandike kwa adabu kamili ya watu wasiojuana. Lugha yetu haina nafsi ya pili maalumu ya heshima, hivyo umbali kati ya watu huonekana katika urefu wa salamu, katika «naomba» na «samahani», na katika kitenzi kinachoombwa badala ya kuamrishwa.

«Samahani, naomba kuuliza. Nadhani nimevaa koti lako.»

«Nami nimevaa lako. Limenihifadhi vizuri, nashukuru.»

Hakuna la ziada linalohitajika hapo. Upendo katika hadithi tulivu hupimwa kwa adabu inavyopungua taratibu: siku ya kwanza ni «naomba uniwie radhi», wiki moja baadaye ni «umefika salama?», na siku mmoja anapofungua mlango na kuuliza tu «umekula?», pasipo salamu, msomaji atajua kwamba jambo limetokea hata kama wahusika wenyewe hawajajua. Panga ngazi hizo kabla ya kuandika, kwa sababu ukiruka moja hutaweza kuirudia.

Yapo maelezo ya kisayansi yanayotajwa mara nyingi kuhusu mapenzi ya kukutana ghafla. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti uliofanyika kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, karibu na Vancouver nchini Kanada. Wanaume waliohojiwa na mwanamke kwenye daraja hilo la kutisha walimpigia simu baadaye kwa wingi zaidi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara, na watafiti wakaeleza kwamba mapigo ya moyo ya hofu yanaweza kudhaniwa kuwa ni mvuto. Mtu anayeteleza kwenye barafu akadakwa na mkono wa asiyemjua yumo katika hali hiyohiyo. Itumie, lakini kwa kiasi, kwa maana hofu ya dakika moja inaeleza jioni ya kwanza tu. Haielezi kwa nini mtu atembee nusu saa kwenye upepo siku ya kumi.

Kwa siku ya kumi unahitaji sababu ya ndani. Hadithi ya upole haihitaji adui, mpinzani wala barua iliyofichwa. Kizuizi kinatosha kuwa zamu za usiku zinazomfanya muuguzi alale wakati fundi ameamka, na mazoea ya fundi ya kununua kila kitu kwa kiasi cha mtu mmoja. Mazoea ni magumu kuyavunja kuliko ukuta, na yanavunjika kwa vitendo vidogo ambavyo unapaswa kuviona: siku moja orodha ina vitu viwili viwili, naye anaikata na kuiandika upya. Miguso nayo iwe michache. Glavu inayovuliwa ili kumfunga mwenzako kifungo, katika baridi inayouma, ni zawadi yenye gharama, kwa sababu mkono wa anayetoa unaumia. Mguso mmoja wa namna hiyo unatosha kurasa ishirini.

Jihadhari na dhoruba inayowafungia wawili hao peke yao ndani ya nyumba. Imetumika kupita kiasi, na kwangu kosa lake kubwa ni kwamba inamnyima mmoja wao nafasi ya kuondoka, ilhali utulivu wote wa hadithi hii umejengwa juu ya mtu anayeweza kuondoka na akabaki. Ukiihitaji dhoruba, wafungie katika ukumbi wa kituo cha treni pamoja na abiria wengine, na umwache muuguzi ampigie rafiki yake kueleza alipo, kama mtu yeyote mwenye busara angefanya. Tahadhari haipunguzi mapenzi. Inamfanya msomaji amwamini mhusika.

Sehemu ya kati usiirefushe. Mikutano mitatu au minne inatosha, mradi kila mmoja uwe na kisingizio chepesi kuliko uliotangulia: kwanza kurudishiana makoti, kisha bisibisi iliyosahauliwa mfukoni, kisha saa ya mkononi ambayo kwa kweli haikuwa na hitilafu, na fundi akaligundua hilo na kukaa kimya.

Ndipo uje kwenye swali ambalo hadithi nzima ilikuwa ikilielekea. Baridi iliwapa sababu zote: giza, koti, joto la mkahawa, zamu ya kusubiri. Theluji inapoyeyuka, sababu hizo zinaondoka, na mshenga amemaliza kazi yake. Usiandike harusi wala viapo. Andika siku ya kwanza isiyohitaji makoti, maji yakichuruzika kutoka mapaa, na mwanga ukiwa bado upo saa kumi na moja jioni. Fundi ameketi kwenye meza ileile. Kulabu zote karibu na mlango ni tupu, hakuna cha kurudisha wala cha kutengeneza, na mlango unafunguka.